Presha ya Mafuta: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Lugha ya gereji ni tawi la Kiswahili lililokua bila kamati. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule. Wakati huo mafundi walikuwa wakijipatia maneno yao wenyewe: injini, pampu, kabureta, plagi, tangi. Maneno hayo yalitoka katika Kiingereza, yakavishwa irabu, yakawa yetu. Miongoni mwao limo moja ambalo halijatulia hata leo, nalo ni presha. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa kutazama ugonjwa mmoja wa pikapu za zamani.

Pikapu nyingi za petroli za miaka ya 1960 na 1970, mathalan Peugeot 404 na Toyota Hilux iliyotoka mwaka 1968, zilitumia kabureta. Petroli huvutwa kutoka tangini na pampu yenye kiwambo, ambayo huendeshwa na injini yenyewe. Msukumo wake ni mdogo, takriban kilopaskali 20 hadi 40. Chujio likiziba, gari huunguruma vizuri likiwa limesimama, na huenda vyema mahali tambarare. Lakini likikabili mlima na mzigo mgongoni, hukata pumzi, kwa kuwa bakuli la kabureta hukauka upesi kuliko linavyojazwa. Likipumzishwa kidogo, bakuli hujaa tena, nalo huondoka kana kwamba halikuugua kamwe. Dereva husema, "Gari halivuti." Fundi hujibu, "Presha ya mafuta iko chini."

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mafuta yapi? Petroli ni mafuta, na oili ya kulainisha injini nayo ni mafuta. Tena mafundi huita presha hata ule mbano wa hewa ndani ya silinda, ambao ukipungua gari huwa zito vilevile. Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia pikapu ya mkulima mmoja ikipelekwa gereji na kijana aliyetumwa na maneno hayo matatu tu. Oili ikamwagwa, ikatiwa mpya. Pampu ya oili ikafunguliwa. Siku ya tatu gari likakwama pale pale mlimani, na matenga ya nyanya yakaozea njiani. Kilichohitajika kilikuwa chujio la petroli, kitu cha bei ndogo kuliko oili iliyomwagwa.

Je, lugha yetu ilikosa neno? La, hasha. Shinikizo ni neno la kale la pwani. Lilikuwa jina la mtambo wa kukamulia mafuta ya mbegu. Hivyo lilizaliwa penye mafuta kabla ya magari kufika. Baadaye likaingia hospitalini, likawa shinikizo la damu. Baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi ilishika kasi, na vitabu vya fizikia vikapata kanieneo, yaani kani juu ya eneo. Neno hilo ni sahihi mno darasani, ila halikuvuka kizingiti cha gereji.

Kwa maoni yetu, si lazima kulifukuza neno presha vinywani mwa watu. Lililo la lazima ni kuigawa mizigo yake: shinikizo la petroli, shinikizo la oili, na mgandamizo wa silinda. Aidha yafaa kuongeza mtiririko, yaani wingi wa petroli ipitayo kwa muda fulani. Kipimo chaweza kuonyesha shinikizo jema injini ikiwa imetulia, ilhali mtiririko hautoshi mlimani. Tofauti hiyo imezidi kuwa na uzito tangu magari ya kupulizia petroli kwa nozeli yalipoenea, kwani mengi huhitaji kilopaskali 250 hadi 300, na anayekisia hupotea.

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Ile itakayomwezesha mkulima kutuma ujumbe gereji, na fundi akafungua kifaa kinachostahili kufunguliwa, hiyo ndiyo iliyosanifiwa kweli.