Kibali cha Kumwaga Maji ya Uchimbaji (Marekani)
Kibali kinachotakiwa kabla maji yanayopampwa kutoka shimo la msingi au eneo linalosafishwa uchafuzi hayajaelekezwa mtoni. Chimbuko lake ni Sheria ya Maji Safi ya 1972. Katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire, kibali hiki hutolewa na EPA, shirika la mazingira la serikali kuu. Wapo wanaodai kwamba maji ya ardhini si taka. Hoja hiyo ni nyepesi: chini ya kituo cha zamani cha petroli maji huweza kubeba benzini, na hata shimo safi hutoa tope linalofukia mayai ya samaki. Kwa hiyo maji hutuamishwa tangini, yakibidi hupitishwa kwenye chujio la kaboni, na sampuli hupelekwa maabara. Lalamiko la ucheleweshaji lina uzito zaidi, ila kibali cha jumla, kinachohudumia miradi mingi inayofanana, hulipunguza.