Hungaria: usalama wa taifa na wahamiaji
Hungaria ni nchi ya Ulaya ya Kati ambako serikali ya Viktor Orbán iliufanya usalama wa taifa kuwa hoja kuu ya kuwakataa wahamiaji. Mwaka 2015 watu zaidi ya 170,000 waliomba hifadhi humo, wengi wakiwa njiani kuelekea Ujerumani. Serikali ikajenga uzio kwenye mpaka wa Serbia. Mabango yake yalikuza hofu dhidi ya watu ambao wengi wao walikuwa wakikimbia vita vya Syria na Afghanistan. Kura ya maoni ya Oktoba 2016 kuhusu mgawo wa wakimbizi kati ya nchi za Umoja wa Ulaya ilibatilika kwa uchache wa wapiga kura. Juni 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitoza Hungaria faini ya yuro milioni 200 kwa kukiuka sheria za hifadhi.