Hakungoja mambo yatulie

Wengi wetu tunasema: "Nitaandika mambo yakitulia." Asubuhi foleni ya maji, mchana kutafuta kuni, jioni kuangalia wadogo. Siku imeisha.

Lakini tumtazame Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya mapinduzi ya 1964 alikimbia, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Akiwa na miaka 21 alianza kuandika, huku akihangaika na masomo na kazi ya hospitali. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ya fasihi ilikuja 2021.

Sisi tukingoja, habari zetu zitaandikwa na wengine. Leo usiku, kabla taa ya sola haijazima, tuandike hata nusu ukurasa.