Waandishi wa turathi ya Wairaqw wa Karatu

Waandishi wa turathi ya Wairaqw ni wataalamu wa lugha, wanahistoria, watafsiri na wakusanyaji wa hadithi ambao, tangu miaka ya 1930, wameyatia kwenye maandishi masimulizi, dua na msamiati wa Wairaqw, watu wa kaskazini mwa Tanzania ambao majirani wengi huwaita Wambulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, haina udugu na lugha za Kibantu. Katika Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, wao ndio wengi, lakini hapo ni wahamiaji. Nyumbani wanakokutaja ni Irqwa Da'aw, au Mama Isara, kwenye milima ya Kainam wilayani Mbulu.

Masimulizi ya wazee yanaanzia mbali zaidi, Ma'angwatay, enzi za kiongozi Haymu Tipe. Walipofika Kainam walichimba nyumba ubavuni mwa mlima, paa likalingana na ardhi, ili wavamizi wa ng'ombe wapite bila kuona boma. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwamalizia mifugo majirani wao wafugaji, Wamaasai na Wadatooga, na njia ya kaskazini ikafunguka. Wakati wa Waingereza, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa, familia nyingi zilihamia Karatu, Rhotia na Mbulumbulu, hadi ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro.

Walichokuja nacho hakikuwa kimeandikwa popote. Kilichokuwa na uzito kuliko vyote ni slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huighani mbele ya watu waliokusanyika, iwe kwenye kikao, pombe au sherehe. Mzee hatoi hotuba peke yake: kila anapomaliza kauli, waliopo humwitikia kwa pamoja, na bila kiitikio hicho dua haisimami. Humo anaombwa Lo'a, ambaye ni jua na huhesabiwa kuwa mama mwenye huruma. Wanatajwa pia Netlangw, roho wa chemchemi na mito, ambao ni wa kuogopwa. Yanaombwa mvua, watoto, ng'ombe na amani na majirani. Anayetaka kujua Wairaqw wanaionaje ardhi yao aanzie kwenye slufay kabla ya kitabu chochote.

Kwa upande wa maandishi, Mjerumani Paul Berger alikusanya masimulizi kwa Kiiraqw chenyewe miaka ya 1930. Yalikaa bila kuchapishwa takriban miaka 60 kabla ya mtaalamu wa lugha Roland Kiessling kuyahariri na kuyatoa mwaka 1998, tena Köln, Ujerumani. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alichapisha maelezo mafupi ya sarufi, na Agano Jipya kwa Kiiraqw likatoka mwaka 1977. Katika muongo huohuo wa 1970 W. D. Kamera alitoa Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kitabu cha Kiswahili. Hicho ndicho mwanafunzi wa shule ya msingi Karatu anaweza kukisoma bila mkalimani.

Maarten Mous wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alitoa sarufi kamili mwaka 1993. Mwaka 2002 yeye, Kiessling na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Ni kazi bora kuliko zote za aina yake, ila inamtaka mtumiaji awe anajua Kiingereza, na nayo ilichapwa Köln. Mwanahistoria Yusufu Lawi ameandika jinsi Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu vijijini, ilivyowaondoa watu kwenye maeneo waliyoyafahamu kwa kila chemchemi na kila mti. Wanaanthropolojia Robert Thornton na Katherine Snyder wameandika kuhusu mila na mipaka ya ardhi. Rose Marie Beck na Mous walichapisha uchambuzi wa slufay mwaka 2014.

Tahajia imekuwa kikwazo. Sauti moja ambayo hewa hupita pembeni mwa ulimi huandikwa kwa herufi mbili, sl. Ndiyo maana jina la Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010, wengi nchini hulitamka kama s na l zilizoachana. Katika Slahhamo, kijiji cha Karatu, ipo hiyo sl na ipo hh, ambayo ni ile h ya kooni. Sauti inayofanana na 'ain ya Kiarabu huandikwa kwenye kamusi kwa mstari wa mshazari, alama ambayo kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili si herufi hata kidogo.

Si wahamiaji wote waliochelewa kuandika hivi: wahamiaji wa Iceland waliofika Manitoba, Kanada, mwaka 1875 walikuwa na gazeti lao, Framfari, miaka miwili tu baadaye, na mkulima Stephan G. Stephansson aliandika mashairi ya Kiiceland huko Alberta hadi alipofariki mwaka 1927. Lakini wao walihama na karne nyingi za vitabu nyuma yao. Wairaqw walihama na wazee, na shule walizozikuta hazifundishi Kiiraqw. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandishi juu yao iko kwa Kiingereza, kwenye maktaba za vyuo vikuu. Kinachohitajika zaidi Karatu kwa sasa ni kitabu cha slufay chenye Kiiraqw ukurasa mmoja na Kiswahili ukurasa unaoutazama, kichapwe Tanzania kwa bei ambayo mzazi wa Endabash, wilayani humo, anaimudu.