Mwalo, Furu na Amani ya Kurejea Ziwani

Mahali mashua za wavuvi zinapotia nanga, watu wa Unguja hupaita diko. Sisi wa ziwani twapaita mwalo. Tangu nistaafu kufundisha walimu, hurejea mwaloni mara kwa mara, jirani na Bilele, nikatupa ndoana huku kisiwa cha Musira kiko mbele yangu. Utulivu ni uleule wa ujanani. Kilichobadilika ni kinachonasa.

Ziwa hili Wahaya waliliita Lweru kabla ya Speke kulibandika jina la malkia wake, mwaka 1858. Ndani yake waliishi ningu na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wenye rangi za kupendeza. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara akapandikizwa upande wa Uganda, akaenea ziwa zima. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka: sangara aliwala, na maji nayo yalizidi kuchafuka. Viwanda vya minofu vikaleta fedha za kigeni.

Vijana ninaokaa nao mwaloni humjua sangara kwa kilo na bei. Furu wengine humsikia kwangu. Samaki akitoweka, jina lake hubaki kitambo vinywani mwa wazee, kisha nalo huzama. Ndugu malenga, waulizeni wazee wa mialo majina hayo, myatie katika beti zenu yangali hai.