Wazee Walikula Nyama, Mbona Sisi Tunaugua?

Leo tunaongea juu ya kolesteroli, yaani aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Yakizidi, hujikusanya polepole ndani ya mishipa, mpaka siku moja mshipa wa moyo au wa ubongo unaziba.

Hapa Loitokitok wapo wanaosema, "Wazee wetu walikunywa maziwa na kula nyama, na moyo haukuwasumbua." Maneno hayo yana ukweli. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanaume Wamaasai 400 huko Tanganyika, ng'ambo ya mpaka wetu. Walikula maziwa na nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1972 Mann alieleza kwamba mishipa ya Wamaasai waliofariki ilikuwa na mafuta kweli, ila ilikuwa mipana na damu ilipita. Yeye aliona kinga yao ni kutembea sana.

Sasa tujiangalie. Sokoni tunakwenda kwa bodaboda; mezani kuna chipsi na soda. Mwaka 2015 serikali ilipima watu wazima nchini Kenya: karibu 1 kati ya 10 alikuwa na kolesteroli nyingi, na karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi.

Mama, kolesteroli haiumi. Hujulikana kwa kupima damu tu. Ukienda hospitali, uliza kipimo hicho. Punguza mafuta kwenye sufuria, ongeza mboga na maharagwe, na watoto watembee. Chakula cha wazee kilikwenda pamoja na miguu yao.