Kipilefti: jina linalokudanganya leni

Ukiwa Dodoma ukamwuliza mtu wa bodaboda njia, utasikia tu: "Nenda mpaka kwenye kipilefti, halafu kata kulia." Neno tumeshalizoea, tena tumelipa ngeli kabisa: kipilefti kimoja, vipilefti viwili, kama kitabu na vitabu. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini kitu cha duara kinaitwa kwa jina la upande mmoja?

Turudi nyuma kidogo. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, magari ya barabarani yalikuwa ya kuhesabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza koloni lile likagawanywa: Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Mwingereza anaendesha kushoto, Mbelgiji kulia. Ndiyo maana hadi leo lori linalotoka Dar likapita Dodoma na Singida, likivuka Rusumo kuingia Rwanda linahama upande.

Sasa kipilefti chenyewe. Mji wa Letchworth, Uingereza, ulijenga mzunguko wake mnamo mwaka 1909 hivi. Mwanzoni dereva aliweza kuuzunguka upande wowote anaotaka! Mwaka 1921 ndipo vikawekwa vibao vya kumwambia akae kushoto. Maneno hayo ya Kiingereza ndiyo sisi tumeyageuza kuwa jina la mzunguko wenyewe.

Likabaki swali: nani apite kwanza? Wanaoingia wakijisukuma tu, walioko ndani hawatoki, na mzunguko mzima unaziba. Mwaka 1966 Uingereza ikaweka kanuni ambayo nawe unaijua: mpishe anayetokea kulia kwako, yaani yule ambaye tayari yumo ndani.

Faida yake inahesabika. Kwenye njia panda ya kawaida ya barabara nne, wahandisi wanahesabu sehemu 32 ambapo njia za magari zinakatana, zinaungana au zinaachana. Kwenye mzunguko wa leni moja ni 8 tu. Ila ukiongeza leni ya pili idadi inapanda tena, na hapo usalama unategemea leni uliyochagua kabla hujaingia.

Na hapa ndipo jina linapodanganya. Kibao kilimaanisha "pita kushoto kwa kisiwa", hakikusema "ng'ang'ania leni ya kushoto". Tuseme unataka kukata kulia, ukaingia kwa leni ya kushoto na kuzunguka nayo. Gari lililo leni ya ndani, linalokwenda moja kwa moja, likitaka kutoka litakukuta ubavuni. Kila mmoja atasema mwenzake kamchomekea.

Kwa hiyo, kama hakuna mishale barabarani inayosema vinginevyo: unakata kushoto, shika leni ya kushoto. Unakata kulia, shika ya kulia, washa indiketa ya kulia, zunguka karibu na kisiwa. Ukishapita njia iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto, angalia kioo, toka.

Ukivuka Rusumo, geuza yote: mzunguko unakwenda kinyume cha saa, na kukata kushoto ndiko kunakotaka leni ya ndani. Dereva wa lori anabadilisha kichwa chake ndani ya daraja moja. Wewe uliyebaki Dodoma una kazi ndogo zaidi: chagua leni mapema, usiliamini jina.